Kifaa cha Mtandao Kizaliwe Wapi?

Modemu niliyoletewa haizidi upana wa vidole viwili. Inaingia laini moja tu, lakini inaweza kubeba njia kadhaa za data kwa wakati mmoja. Njia ya kwanza ni intaneti ya kawaida, ile ya barua pepe na WhatsApp za ofisi. Ya pili ni APN (lango la kuingilia data kwenye mtandao wa simu) ya ndani ya mteja: uzito wa magunia ya korosho unasomwa kwenye mizani, unapita humo na kufika kwenye seva yake bila kukanyaga intaneti ya umma. Laini ni ile ile na mnara ni ule ule, ila kwenye Linux kila njia inatakiwa ionekane kama kifaa cha mtandao kinachojitegemea, chenye jina lake, anwani yake ya IP na sheria zake za faiawoli.

Sasa nani anakiumba hicho kifaa cha pili, na kwa amri gani?

Draiva iliyokuja na modemu, yaani programu inayoiendesha kutoka ndani ya kerneli (kiini cha Linux), ina jibu lake. Ikishapakiwa tu, inamwaga vifaa vinane kwenye orodha ya `ip link`, viwe na kazi visiwe na kazi. Ukitaka kimojawapo kifungwe kwenye APN fulani, unaita ioctl (ombi la moja kwa moja kwa draiva) aliyoibuni mtengenezaji mwenyewe, kupitia programu ndogo aliyokwisha kuikompaili na ambayo msimbo wake hampi mtu. Kwenye kerneli ya kale aliyoifanyia majaribio, mambo yanakwenda. Kwenye kerneli ninayotumia mimi, draiva haikompailiki hata kwa kubembelezwa. Kuagiza modemu ya aina nyingine kungekuwa rahisi kama mzigo ungefika kesho yake, ila huku kusini tumejifunza kutouhesabu mzigo kabla haujashushwa stendi. Mei 2024, barabara ilipokatika eneo la Somanga kwa mvua za Kimbunga Hidaya, mizigo ya kutoka Dar es Salaam ilikwama njiani. Kwa hiyo nimekaa mezani kwangu, Shangani hapa Mtwara, ninaiandika draiva upya. Makala hii inahusu sehemu moja tu ya kazi hiyo, ile ambayo kifaa cha mtandao kinaumbwa.

Asiyewahi kuandika draiva huenda akadhani ni jambo la mistari mitatu. Na kweli, ndani ya kerneli ni mistari michache: unaita `alloc_netdev`, unajaza cha kujaza, unaita `register_netdev`, kifaa kipo. Kazi haiko hapo. Kazi iko kwenye kuamua ombi linatoka wapi, linakuja na umbo gani, likikataliwa mwombaji anaambiwa nini, na siku modemu ikizimika ghafla nani anafagia. Na ukishaamua umeamua, maana Linux haina mzaha kwenye jambo moja: kiolesura ambacho programu za watu zimeanza kukitegemea hakivunjwi. Uamuzi wa haraka wa leo utakuwa unatunzwa na mtu mwingine miaka ishirini ijayo, huku akikulaani kimyakimya.

Ukichimba kidogo utaona athari za maamuzi ya namna hiyo. Chukua aina chache za vifaa vya mtandao vinavyoumbwa kwa programu. Briji ilikuwa ikiumbwa kwa ioctl yake, `SIOCBRADDBR`, kupitia `brctl`. VLAN (mtandao unaotengwa kwa tagi ya nambari) ikawa na ioctl nyingine na programu nyingine, `vconfig`. Bonding ikataka uandike `+bond1` ndani ya faili la `/sys/class/net/bonding_masters`, na alama ya kutoa ukitaka kukiondoa. Tun ikataka ufungue `/dev/net/tun` kisha utoe `TUNSETIFF`. Kituko kilikuwa dummy: idadi ya vifaa unaitaja wakati wa kupakia moduli, `modprobe dummy numdummies=2`, na ukija kuhitaji cha tatu, unaiondoa moduli na kuipakia upya. Kila mwandishi alikuwa na sababu zake, na kwenye kona yake kazi ilikuwa safi. Aliyeumia ni yule anayeandika programu ya kuviongoza vyote kwa pamoja.

Mwaka 2007 Patrick McHardy alileta utaratibu mmoja ndani ya rtnetlink, njia ile ile ya ujumbe iliyokuwa tayari ikitumika kuongeza anwani za IP na njia za pakiti. Draiva inasajili muundo uitwao `rtnl_link_ops`, wenye jina la aina ya kifaa, ukubwa wa kumbukumbu ambayo kila kifaa kitahitaji, na funksheni za kuandaa, kukagua ombi, kuumba, kubadilisha, kufuta na kujieleza. Mtumiaji anatuma ujumbe wa `RTM_NEWLINK` unaotaja aina, na ndani yake anafungia vipengele vinavyoihusu aina hiyo peke yake. Tangu hapo, moja baada ya nyingine, `type vlan id 5`, `type bridge` na `type dummy` zikawa na sarufi moja. Hata kama moduli haijapakiwa, kerneli inaitafuta yenyewe kwa lakabu ya `rtnl-link-` ikifuatiwa na jina la aina. WireGuard ilipoingia kwenye Linux 5.6 mwaka 2020 haikubuni njia yake ya kuumba kifaa. Unaandika `ip link add wg0 type wireguard`, umemaliza. Funguo na wenza ndizo zilizopelekwa kwenye njia ya pembeni, generic netlink, na mgawanyo huo naupenda sana.

Watu husifu unadhifu wake. Mimi ninachokiona ni kuhama kwa madaraka. Zamani draiva ilikuwa inaamua kila kitu: jina, wakati, idadi, na namna ya kufuta. Kwenye utaratibu huu draiva inaulizwa. Funksheni yake ya `newlink` inapoitwa, kumbukumbu imeshatengwa, jina limeshakaguliwa, kifaa kimeshawekwa kwenye netns sahihi (netns ni ule mtandao uliojitenga ambao kontena hukaa ndani yake), na kufuli la RTNL, linalozuia wawili kugusa vifaa kwa wakati mmoja, limeshashikwa. Draiva inabaki na swali moja, je, maunzi yangu yanaweza? Inajibu ndiyo, au hapana na sababu. Mambo ambayo draiva ya mtu aliyechoka saa nane za usiku ingeyaharibu yanakuwa yamefanywa na msimbo unaosomwa na watu wengi.

Modemu zilichelewa kuingia humo, na kuchelewa kwenyewe kuna mafunzo. Chukua `qmi_wwan`, draiva ya modemu nyingi za Qualcomm za USB. Mwaka 2017 iliongezewa faili ambalo unaliandikia nambari kuanzia 1 hadi 254:

`echo 1 > /sys/class/net/wwan0/qmi/add_mux`

Kinatokea kifaa kinachoitwa `qmimux0`. Hebu angalia kilichokosekana. Jina huchagui. Kukiumba moja kwa moja ndani ya netns nyingine, huwezi. Kikikataliwa unapata nambari ya kosa kutoka kwenye `write`, basi, jibu lenyewe halisemi kama nambari imeshatumika au modemu haijawekwa kwenye hali inayotakiwa. Kinachoudhi zaidi ni kwamba ukishaandika nambari, hakuna jibu linalorudi kusema kifaa kilichozaliwa ni kipi. Faili la kuandikia halina mdomo. Programu inabaki kulinganisha orodha ya vifaa kabla na baada, ikiomba Mungu asitokee mwingine anayeumba chake katikati. Faili la kusomea nambari ya kila `qmimux` liliongezwa mwaka 2021.

`cdc_mbim`, draiva ya modemu zinazotumia itifaki ya MBIM, ilipita njia ya ujanja. Haikuongeza kiolesura hata kimoja. Vipindi vya MBIM, yaani njia zake za data, vilifananishwa na nambari za VLAN: kipindi cha 0 kinapita bila tagi, na ukitaka cha 3 unaumba VLAN ya 3 juu ya `wwan0` kwa amri zile zile za kila siku. Nilipoisoma mara ya kwanza nilicheka peke yangu kwa furaha. Lakini ni uongo mtamu. Kwenye modemu hakuna VLAN, hakuna hata Ethernet. Draiva inaisoma tagi, inaigeuza kuwa nambari ya kipindi, kisha inaitupa. Fundi atakayekuja baada yako akikuta `wwan0.3` atatafuta swichi inayoijua VLAN 3, na atatafuta mpaka jua lizame.

Halafu kuna `rmnet`, draiva nyingine ya modemu za Qualcomm, iliyoingia Linux 4.14 mwishoni mwa 2017, nayo ilitumia rtnetlink kama wengine, na baadaye ikapata kipengele chake cha `mux_id`. Kwa hiyo jambo moja, yaani njia nyingi za data juu ya laini moja, likawa na amri za namna tatu kutegemea umenunua modemu gani. Wanaoandika ModemManager, programu ya kusimamia modemu kwenye Linux, walibaki kuzibeba zote.

Mwaka 2021 ndipo WWAN (mtandao wa data wa modemu za simu) ilipopata mfumo wake ndani ya kerneli. Loic Poulain aliuanzisha upande wa milango ya kudhibiti modemu, Linux 5.13, na kwenye 5.14 ikaja kazi ya Johannes Berg ya kuumba vifaa vya mtandao. Hapa nataka kukaa kidogo, kwa kuwa kulikuwa na mafundo mawili, na namna yalivyofunguliwa ndiyo hasa niliyoiiga.

Fundo la kwanza ni mzazi. rtnetlink ya zamani inadhani mzazi wa kifaa cha mtandao ni kifaa kingine cha mtandao: VLAN inakaa juu ya `eth0`, nawe unamtaja mzazi kwa nambari yake. Modemu siyo kifaa cha mtandao. Ni maunzi yanayoweza kuzaa vifaa vya mtandao, na kabla hayajazaa hayana nambari ya kutaja. Wi-Fi ilikutana na jambo hilo hilo miaka mingi nyuma, kwa sababu `phy0` nayo siyo kifaa cha mtandao, na wao wakajenga njia yao kamili, nl80211, ambako unaandika `iw phy phy0 interface add mon0 type monitor`. WWAN wangeweza kufanya vivyo hivyo. Wakabaki kwenye rtnetlink na kuongeza kipengele, `IFLA_PARENT_DEV_NAME`, cha kumtaja mzazi kwa jina lake la kifaa. Naona walifanya vizuri. Wi-Fi ina mambo mengi mno ya kwake, inastahili nyumba yake. Modemu inachohitaji ni nambari ya njia tu.

Fundo la pili ni dogo kwa maandishi na kubwa kwa maana. Ndani ya `rtnl_link_ops`, ukubwa wa kumbukumbu ya kifaa umeandikwa kwa kila aina, mara moja. Lakini `wwan` ni aina moja kwa modemu zote, na anachohitaji kukumbuka mwandishi wa draiva ya Intel sicho anachohitaji wa Qualcomm. Ukubwa haujulikani hadi mzazi ajulikane, na kumbukumbu ilikuwa inatengwa kabla ya mtu yeyote kumwangalia mzazi. Njia ya mkato ingekuwa kutenga pointa tupu na kuacha kila draiva ijitengee yake baadaye, na kuisahau wakati wa kufuta. Badala yake iliongezwa funksheni ya hiari, `alloc`, inayopewa vipengele vya ombi mapema. Kwa aina ya `wwan`, funksheni hiyo inamtafuta mzazi, inasoma ukubwa wake, ndipo inatenga. Draiva yangu haioni hata kidogo mambo hayo. Yenyewe inaandika hivi tu:

```
static const struct wwan_ops modemu_ops = {
        .priv_size = sizeof(struct modemu_njia),
        .setup     = modemu_setup,
        .newlink   = modemu_newlink,
        .dellink   = modemu_dellink,
};
```

Na mteja anaandika:

`ip link add dev mizani parentdev wwan0 type wwan linkid 2`

`wwan0` hapa ni modemu yenyewe, si kifaa cha mtandao. Jina `mizani` ni letu wenyewe, ilimradi lisizidi herufi 15 (nafasi ni 16, moja ni ya alama ya mwisho). Ukiitaja nambari ya njia iliyokwisha kuchukuliwa, `newlink` yangu inarudisha `-EEXIST`, na kwa kupitia extack inarudisha pia sentensi inayoeleza kwa nini. Extack ilikuja mwaka 2017 na kwangu ni miongoni mwa vitu vyenye utu zaidi kwenye rtnetlink. Kabla yake ulikuwa ukipata `Invalid argument` na kuachwa ujipapase.

Tahadhari kwa anayenakili kutoka draiva za wauzaji: `newlink` inaitwa wakati kufuli la RTNL limeshashikwa. Ndani yake unaita `register_netdevice`, ile isiyoshika kufuli. Draiva ya mtengenezaji wangu inaita `register_netdev` kila mahali, kwa kuwa yenyewe inaumba vifaa wakati wa kupakiwa, kufuli likiwa huru. Mstari huo ukiuhamisha kama ulivyo, utakuwa unasubiri kufuli ulilolishika mwenyewe, na kila amri ya `ip` inayolihitaji kufuli hilo itaganda nawe.

Niliipeleka kwenye ghala la chama cha msingi cha ushirika kwa majaribio, msimu ukiwa umeanza. Katibu alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote, mikono mgongoni.

"Mwanangu, bando la ofisi limekata tangu asubuhi. Mbona huyu wa mizani anasema uzito umefika?"

"Hilo bando ni la njia ya kwanza, mzee. Mizani ina njia yake."

"Laini si hiyo hiyo moja?"

"Ni hiyo hiyo."

Akaangalia modemu, akaniangalia mimi. "Basi na ile ya kwanza izime kabisa, vijana wasije wakaipakia mpira huku tunapima."

Nikaandika `ip link del` kwa kifaa cha ofisi. Kikaondoka. `mizani` haikutikisika hata pakiti moja. Kwenye draiva ya zamani ombi hilo lisingewezekana: vifaa vinane vilikuwa vimepigiliwa misumari, unaweza kuvizima lakini si kuviondoa.

Kufuta ndiko kugumu kuliko kuumba, na hapa ndipo draiva nyingi hufia. Kuelekea bonde la Ruvuma simu hudaka minara ya Msumbiji, na modemu yangu ikihangaika baina ya mitandao wakati mwingine inajiwasha upya yenyewe. Kwa upande wa kerneli hiyo ni sawa na modemu kung'olewa na kuchomekwa tena. Vifaa vyote vilivyozaliwa nayo lazima viondoke kwa mpangilio, huku programu ya mizani bado ina soketi wazi, njia za pakiti bado zinakitaja kifaa, na pengine pakiti moja iko katikati ya foleni. Kila anayekitaja kifaa ameongeza hesabu yake kwa `dev_hold`, na atakapomaliza anapunguza kwa `dev_put`. Ni kama stakabadhi ghalani: maadamu kuna mtu ana stakabadhi mkononi, msimamizi wa ghala hawezi kusema mzigo haupo. Mmoja akisahau kurudisha yake, kila baada ya sekunde chache kerneli inaandika kwenye kumbukumbu zake:

`unregister_netdevice: waiting for mizani to become free. Usage count = 2`

Na inasubiri. Haikati tamaa. Kwa kutumia mfumo wa WWAN, draiva yangu inaita `wwan_unregister_ops` mara moja, na mfumo ndio unaowatafuta watoto wote wa modemu hiyo, unawaweka kwenye orodha moja, na kuwafuta kwa mkupuo. Mkupuo una maana yake: kila kufuta kunadai kusubiri wasomaji wote wa ndani ya kerneli wamalize, na kusubiri mara moja kwa vifaa vyote ni nafuu kuliko kusubiri kwa kila kimoja. `dellink` ndiyo maana inapewa orodha ya kujiandikisha badala ya kuambiwa "futa sasa hivi".

Nisiusifie mno utaratibu huu. RTNL ni kufuli moja kubwa, na kila kuumba, kufuta au kubadilisha kifaa kunapita hapo, hata kama vifaa havijuani kabisa. Kwenye ghala lenye modemu moja haisumbui. Kwenye seva yenye maelfu ya kontena, kila moja ikiumba vifaa vyake, foleni inaonekana kwa macho, na kazi ya kuligawa kufuli hilo kwa kila netns bado inaendelea. Draiva ikifanya jambo la polepole ndani ya `newlink`, mfano kuisubiri modemu ijibu, inawasubirisha wote. Ndiyo maana `newlink` yangu haiongei na modemu. Inaandika njia kwenye jedwali lake na kurudi. Kupiga APN yenyewe ni kazi ya programu ya juu, kupitia mlango wa kudhibiti.

Kilichonipa taabu kuamua ni njia ya kwanza. `wwan_register_ops` inakuuliza: nikuumbie kifaa kimoja cha kuanzia, na kwa nambari ipi, au uanze mikono mitupu kwa `WWAN_NO_DEFAULT_LINK`? Aliye safi wa moyo atasema mikono mitupu, mtumiaji aombe anachotaka. Nimechagua kuumba kimoja, njia ya 0. Fundi wa Newala akichomeka modemu na kuandika `ip link`, akute kitu kinachoonyesha kwamba draiva iko hai, kabla hajanipigia simu. Vile saba vya mtengenezaji sivirudishi.

Limebaki jambo la programu ya mizani, ambayo bado inafunga soketi yake kwa jina la kifaa la draiva ya zamani, na mwenye programu hapatikani. Hilo halihitaji mstari wowote wa draiva. Tangu Linux 5.5 kifaa kinaweza kubeba majina ya ziada, kwa `ip link property add dev mizani altname` likifuatiwa na jina la zamani, na soketi inalipata. Jina hilo halitokei kwenye `/sys/class/net`, kwa hiyo skripti moja ya mteja inayosoma takwimu huko itabidi niihariri kwa mkono.